Mbio za boti za rimoti shuleni: mota iwe moja, bodi zitofautiane

Ndugu Mhariri,

Kurasa zako za elimu zimekuwa zikiwapa nafasi wanafunzi wa sekondari wanaounda roboti na kurusha droni. Tunaomba nafasi kwa ajili ya boti: boti ndogo za urefu wa rula mbili za shule, zinazobuniwa na kuundwa na wanafunzi wenyewe, zikaongozwa kwa rimoti na kushindanishwa majini. Sisi ni walimu wa fizikia na mafundi wa boti wa hapa Mwanza, na hoja yetu ni moja. Kila shule ikiruhusiwa kuleta boti yoyote, mshindi anajulikana kabla maji hayajaguswa, kwa sababu aliyenunua mota kubwa na betri ya lithiamu atatangulia hata kama bodi yake, yaani mwili wa boti, ni sanduku. Nguvu ya kusukuma iwe sawa kwa wote, na kinachoshindana kiwe umbo la bodi.

Jambo lenyewe ni la siku nyingi. Nikola Tesla alionyesha watu boti inayoongozwa kwa mawimbi ya redio mjini New York mwaka 1898, na hati yake ya uvumbuzi, namba 613,809, ilitolewa Novemba mwaka huo huo. Kabla yake, katika miaka ya 1870, Mwingereza William Froude alijenga birika refu la maji huko Torquay, akawa anakokota mifano ya meli ndani yake na kupima nguvu inayohitajika kuivuta. Kanuni aliyoipata humo ndiyo inayoufanya mchezo huu uwe somo. Mfano ukiwa mdogo mara 100 kuliko meli, mwendo wake unagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, na uzito unagawanywa kwa 100 mara tatu, yaani milioni moja. Kivuko cha mita 60 chenye uzito wa tani 1,500 kikienda noti 10, ambazo ni kama mita 5.1 kwa sekunde, mfano wake ni boti ya sentimita 60, uzito kilo 1.5, ikienda mita 0.51 kwa sekunde. Katika mwendo huo mawimbi yanayoizunguka boti ndogo yana sura ile ile ya mawimbi yanayokizunguka kivuko. Mwanafunzi anayeitazama kwenye dimbwi la shule anatazama kitu cha kweli.

Na sisi tuna sababu ya kutazama. Meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na nafasi ya abiria 1,200, imeundwa hapa hapa, bandari ya Mwanza Kusini. Ni ziwa hili hili lililoichukua MV Bukoba asubuhi ya 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Waliokufa siku hiyo walizidi 220. Kijana wa kidato cha tatu anaweza kueleza kwa namba kwa nini chombo kilichojaa juu kinapinduka, mradi amekipindua kidogo kwa mkono wake na kupima. Tutalirudia hili chini, maana ndilo tunalolithamini kuliko mbio zenyewe.

Tuanze na nguvu. Tunapendekeza kitu tunachokiita sinia. Ni kipande cha plaiwudi cha milimita 3, urefu milimita 220 na upana 90, kilichobeba mota, kidhibiti mwendo, kipokezi cha redio na betri. Sinia linafungwa ndani ya boti kwa skrubu 4, na likimaliza zamu linafunguliwa na kuhamishiwa boti inayofuata. Shule yenye timu 6 inahitaji sinia moja na rimoti moja ya njia 2 (moja ya usukani, moja ya mwendo), na rimoti ya GHz 2.4 inafaa. Sevo ya usukani, yaani kimota kinachougeuza, ndiyo pekee inayobaki ndani ya kila boti. Hapo gharama inagawanyika kwa 6, na hakuna timu inayoweza kudai kwamba jirani ana mota bora.

Mota iwe ya brashi, ya ukubwa wa 540, ile ya magari ya kuchezea na inayofanana na zinazotoka kwenye drili mbovu za betri. Betri iwe ya nikeli (NiMH), seli 6, volti 7.2. Kwa wanaoanza hatushauri lithiamu, hasa seli zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu: seli iliyokwisha kuchoka ikichajiwa bila uangalizi huwaka moto, na chumba cha sayansi hakina mtu usiku. Ya nikeli yenye mAh 2,000 inachajiwa kwa mA 200 kwa saa 15 hivi, polepole na kwa usalama. Mota ikila ampea 10, betri hiyo inadumu dakika 12 kwa hesabu ya karatasi. Majini panga 8. Weka fyuzi ya gari ya ampea 20 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Nailoni au majani yakizinga kwenye pangaboi, yaani feni inayoisukuma boti, mota inasimama huku umeme unaendelea kupita, na bila fyuzi kinachofuata ni moshi wa kidhibiti mwendo.

Mota za brashi hutoa cheche zinazochafua mawimbi ya rimoti. Dawa yake ni kapasita 3 za mikrofaradi 0.1: moja kati ya ncha mbili za mota, na nyingine mbili kutoka kila ncha hadi ganda la chuma. Kwaruza ganda kwa msasa kwanza, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Timu nyingi huruka hatua hii kwa sababu boti inafanya kazi vizuri mezani, halafu ikifika mita 15 majini sevo inaanza kutetemeka yenyewe.

Sasa bodi. Masharti yawe machache: urefu usizidi milimita 600, kila kitu kitengenezwe na wanafunzi isipokuwa shafti na pangaboi, na sinia liingie na kutoka bila kuvunja kitu. Upana, kina na umbo waachiwe wenyewe.

Kabla ya kukata mbao, timu ipige hesabu ya uzito. Chukua urefu mara upana mara kina kinachozama, kisha zidisha kwa kiwango cha ujazo, maana boti si tofali; kwa boti yenye omo (sehemu ya mbele) kali na tumbo la wastani tumia 0.5. Boti ya mita 0.6 kwa 0.18 kwa 0.04 inasukuma mita za ujazo 0.00216 za maji, yaani inaelea ikiwa na kilo 2.16. Sasa jumlisha vitu. Betri ni gramu 370 hivi, mota 165, sevo 42, kidhibiti mwendo na kipokezi 60, shafti na pangaboi na bomba lake 80, sinia na waya 80, bodi 600. Jumla inakaribia gramu 1,400. Zilizobaki, kama 760, ndizo nafasi ya mzigo na farumi, yaani uzito wa kuituliza boti. Timu isiyofanya hesabu hii ndiyo inayofika siku ya majaribio na boti inayozama mpaka ukingoni, au inayoelea juu kama kopo tupu huku pangaboi linapiga hewa.

Kuna njia mbili za kuunda bodi zinazofaa shule zetu. Ya kwanza ni ile ya mafundi wa pwani na ziwa: mkuku (uti wa mgongo wa boti), mataruma (mbavu zake) na ubao. Mataruma 7 ya plaiwudi ya milimita 3 yakisimamishwa juu ya mkuku kila baada ya milimita 85 au 90 yanatosha. Funika kwa fito za msonobari za milimita 3 kwa 6, au kwa vipande vya plaiwudi ya milimita 1.5 kama umbo ni la pembe. Kosa la kawaida ni kubandika fito upande mmoja wote kwanza. Bodi inavutwa na kupinda kama ndizi. Bandika fito moja kushoto, moja kulia, mpaka mwisho.

Njia ya pili ni povu jeupe gumu linalofungashia friji na televisheni. Linakatwa kwa waya wa moto au msumeno wa meno madogo na kulainishwa kwa msasa namba 120. Hapa kuna mtego unaoharibu kazi nyingi. Resini ya poliesta, ile inayouzwa kwa mafundi wa faibaglasi, inayeyusha povu hilo kwa dakika chache na kuacha shimo. Gundi ya viatu na petroli vinafanya hivyo hivyo. Tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya chupa mbili, au kwanza lifunike povu kwa tabaka 3 za karatasi ya gazeti na gundi nyeupe ya mbao, acha likauke siku 2, ndipo upake juu yake. Epoksi nayo ina tabia zake katika joto letu. Kwenye kivuli cha nyuzi 30 inaganda mapema kuliko inavyoandikwa kwenye chupa, na ikiachwa imejaa ndani ya kikombe inajipasha joto yenyewe mpaka inafuka. Changanya gramu 50 tu kwa wakati mmoja, pima kwa mizani na si kwa macho, imimine kwenye kisahani bapa, na vaa glovu.

Kuhusu umbo, wanafunzi hupenda kuchonga boti ya mbio waliyoiona kwenye simu: chini bapa, omo imeinuka. Boti ya namna hiyo inafaa pale tu ina nguvu ya kupanda juu ya maji. Ikikosa nguvu hiyo, inatembea imekaa matako chini, ikikokota shimo la maji nyuma yake. Kila boti inayopasua maji ina mwendo ambao juu yake inaanza kupanda wimbi lake yenyewe, na mwendo huo unapatikana kwa kuzidisha 1.25 na kipeuo cha pili cha urefu wa mkato wa maji, yaani mstari ambapo uso wa maji unagusa bodi. Kwa mita 0.6 jibu ni mita 0.97 kwa sekunde. Timu ichague mapema: ama bodi nyembamba, ya mviringo chini, inayokwenda karibu na mita 1 kwa sekunde kwa umeme kidogo, ama bodi bapa na nyepesi, boti nzima isizidi kilo 1.6, inayoweza kupanda. Inayopanda iweke kitovu cha uzito asilimia 30 hadi 35 ya urefu kutoka tezi (nyuma ya boti), na inayopasua maji ikiweke karibu na katikati. Boti inayorukaruka omo kama chura ina uzito uliosogezwa nyuma mno; sogeza betri mbele sentimita 1 kwa wakati mmoja mpaka itulie.

Hapa ndipo tunapoomba wasimamizi wawe makini na sharti la mzigo. Wasipoliweka, kila timu itachonga kisu chembamba. Bodi ikipunguzwa upana kutoka milimita 180 hadi 120, uwezo wa umbo lake kujirudisha wima unapungua hadi chini ya theluthi, kwa kuwa upana unaingia kwenye hesabu mara tatu. Boti inakuwa na kasi nzuri na inapinduka kwenye kona ya kwanza. Mvutano huo kati ya wembamba na utulivu ndio kazi ya mbunifu wa meli, na mwanafunzi hawezi kuujua kama kanuni za mbio hazimlazimishi kuubeba.

Shafti ndiyo inayomaliza ampea bure. Tumia ya chuma kisichoshika kutu ya milimita 4 ndani ya bomba la shaba, lenye bushi kila mwisho na grisi katikati. Mwisho wa ndani wa bomba uwe juu ya mkato wa maji, ili hata grisi ikiisha maji yasijimimine ngamani, yaani ndani ya tumbo la boti. Pembe ya shafti isizidi nyuzi 10. Kwa kuwa sinia linahama, timu zote zitumie kielelezo kimoja cha mbao kuweka bomba na mashimo ya skrubu, vinginevyo kila boti itakuwa na mota iliyopinda kwa namna yake. Kupima ni rahisi: soma ampea za mota ikizunguka peke yake, kisha ukiwa umeiunganisha na shafti. Namba ikipanda zaidi ya nusu yake, mstari haujanyooka. Usitegemee kiungo cha mpira kuficha kasoro hiyo. Kitaificha kwa dakika 5, halafu kitakatika.

Pangaboi la milimita 35, lenye majani 2, linatosha mota hii. Ncha zake ziwe mbali na bodi angalau milimita 5, na juu yake kuwe na maji yasiyopungua nusu ya kipenyo chake, la sivyo linavuta hewa kutoka juu, mota inalia kwa sauti kali na boti haisogei. Pangaboi linalozunguka kulia ukilitazama kutoka tezi linailaza boti upande wa kushoto. Sogeza betri kulia milimita 5 hadi 10, ukijaribu majini. Usukani wa sentimita za mraba 12 hadi 15 unafaa, sehemu iliyo mbele ya mhimili isizidi theluthi yake. Moja ya tano inatosha kupunguza mzigo wa sevo. Usiugeuze zaidi ya nyuzi 35. Ukiuzidisha unageuka kuwa breki.

Maji na umeme. Kipokezi kiingizwe ndani ya puto la kawaida, waya zitokee mdomoni, na mdomo ufungwe kwa mpira. Antena yake isimame juu ya mkato wa maji, kwa sababu mawimbi ya GHz 2.4 hayapiti majini. Boti iliyoweka antena sakafuni inapotea ikiwa mita chache tu. Weka pia agizo la usalama kwenye kipokezi ili mawasiliano yakikatika mota isimame. Lijaribu nchi kavu kila mara sinia linapohamishwa: zungusha pangaboi taratibu, zima rimoti, hesabu sekunde 2. Kama pangaboi bado linazunguka, boti hiyo isiingie majini.

Mahali pa kushindania pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho. Mwanafunzi anayeingia maji ya magoti kufuata boti iliyokwama anaweza kutoka na ugonjwa, na hakuna kikombe cha ushindi kinacholipia hilo. Tunasema wazi kwamba mbio za shule zisifanyikie ufukweni. Bwawa la kuogelea lenye maji yenye dawa ndilo bora. Likikosekana, chimba au zungushia mifuko ya mchanga eneo la mita 10 kwa 4, tandika turubai la lori, jaza maji kina cha sentimita 30. Hiyo ni lita 12,000. Maji yakitoka ziwani, yachujwe konokono na majani, na yakae siku 2 kabla mtu hajayagusa, maana vijidudu vya kichocho vilivyokwisha kutoka kwenye konokono haviishi zaidi ya saa 48 bila kumpata mtu. Boti iliyokwama hufuatwa kwa mpira wa tenisi uliofungwa kwenye mshipi: urushe mbele ya boti, uvute taratibu. Hata dimbwi la sentimita 30 liwe na mtu mzima pembeni muda wote.

Kwenye dimbwi dogo mawimbi hurudi kutoka ukutani na kuikuta boti inayofuata. Subiri dakika 2 kati ya zamu. Anzeni asubuhi kabla ya saa 4, upepo wa ziwa haujaamka.

Njia ya mbio iwe rahisi kuchorwa na ngumu kukata kona: maboya 2 yenye umbali wa mita 6 kati yao, ambayo ni chupa za lita 1.5 zilizofungiwa mawe, na boti inazunguka umbo la nane mara 4. Kila boti hukimbia peke yake dhidi ya saa. Sinia likiwa moja, betri inachoka kadiri zamu zinavyokwenda, na timu ya sita inaonewa. Kwa hiyo ziwepo betri 2 zinazobadilishana, volti zisomwe na kuandikwa kabla ya kila zamu, na duru ya pili ianze na timu iliyokuwa ya mwisho. Jumlisha muda wa duru mbili. Mota ipumzike dakika 5 kila baada ya zamu. Ukishindwa kuishika kwa vidole sekunde 3, imepata joto kupita kiasi.

Alama tungezigawa hivi: mwendo 40, mwendo na mzigo 30, utulivu 20, daftari la ubunifu 10. Mzigo ni mifuko 5 ya mchanga, kila mmoja gramu 100, inayopangwa juu ya sitaha mahali ambapo abiria husimama, isifichwe ngamani.

Na utulivu unapimwa hivi. Boti ielee kwenye beseni, mota imezimwa. Ning'iniza timazi yenye uzi wa milimita 200 ndani yake, weka alama ya katikati. Weka jiwe la gramu 100 katikati ya sitaha, kisha lisogeze milimita 60 kwenda pembeni. Boti italala kidogo. Soma timazi imehama kiasi gani. Tuseme milimita 14: ukigawa kwa 200 unapata 0.07. Sasa zidisha 100 kwa 60, gawanya kwa uzito wa boti nzima, gramu 2,160, kisha gawanya tena kwa 0.07. Jibu ni kama milimita 40. Huo ndio umbali kutoka kitovu cha uzito hadi metasenta, nukta ambayo boti inaning'inia kwayo kama pendulamu. Rudia na mifuko ya mchanga ikiwa juu ya sitaha na mwone jinsi namba inavyoshuka. Boti isiyofika milimita 20 ikiwa na mzigo isiruhusiwe kukimbia nao.

Baada ya hapo mwalimu amwage nusu lita ya maji ndani ya boti moja na kurudia kipimo. Maji yanakimbilia upande uliolala na kuulaza zaidi, na namba inaanguka zaidi ya ambavyo ingeanguka kwa mchanga wa uzito ule ule uliowekwa sakafuni. Kisha weka ukuta wa plaiwudi katikati ya ngama kutoka omo hadi tezi, usiovujisha, mimina robo lita kila upande, pima tena. Athari ya maji yanayotembea inabaki robo. Hatujui somo lingine la fizikia ya sekondari linaloonyesha jambo zito kiasi hicho kwa beseni, jiwe na uzi.

Shule za Tanga, Unguja, Lamu na Mombasa zina njia nyingine ya kuingilia, kwa kuwa watoto wa huko wanaunda ngalawa za kuchezea zenye matanga tangu utotoni na wanajua upepo kuliko sisi. Kwao tungependekeza daraja la matanga linalotumika kimataifa la RG65, bodi isiyozidi sentimita 65 na matanga yasiyozidi sentimita za mraba 2,250. Njia 2 za rimoti zinatosha, moja ya usukani na moja ya kulegeza na kukaza tanga, na hakuna mota kabisa. Tahadhari yao ni chumvi: kila baada ya mbio kila kitu kisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sevo na viungo vikaushwe siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa sekondari zetu sasa zina mkondo wa amali, kazi hii ina mahali pa kukaa kwenye ratiba bila kungoja klabu ya Jumamosi. Michoro na hesabu za uzito zifanyike Januari na Februari, bodi Machi, shafti na umeme Aprili, vipimo Mei, mbio wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni. Fundi wa mitumbwi wa jirani aalikwe mwezi wa bodi, alipwe siku yake kama fundi, na awaonyeshe wanafunzi namna ya kukagua mstari wa ubao kwa jicho moja.

Kipimo cha kulaza boti tunaomba kifanyike shule zote siku moja, tarehe 21 Mei, kikiwa na mzigo na bila mzigo. Na kwako Mhariri ombi letu ni kwamba siku inayofuata utoe safu moja ya kuchapisha matokeo: jina la shule, upana wa bodi, na milimita walizopata.

Walimu wa fizikia na mafundi wa boti,
Mwanza.